Sikuonyeshwa Kitu, Mama

Mama,

Jiwe lako limekamilika, limebaki maneno tu. Fundi wa Nyakabanda amelisugua likalainika. Ni la kijivu. Jeusi nililikataa kwa sababu najua ungesema hilo ni la makaburi ya wakubwa. Miezi mitatu imepita tangu tukuzike, na muda wote huo nimekuwa mtu wa kukukwepa. Kila asubuhi napita mbele ya cherehani yako pale barazani Batsinda, na bado ina uzi ule wa bluu wa sare za shule. Sijaigusa. Mdogo wangu Esteri ameniambia mara mbili nikuandikie barua hii roho yangu ipate kupumzika, nami nikawa namwambia sina muda. Muda nilikuwa nao. Nilichoogopa ni kwamba nikianza kukuandikia itabidi niseme.

Basi niseme. Mama, mimi sikuonyeshwa kitu.

Unaikumbuka Jumatano ile akina mama wa maombi walipokuja nyumbani. Walijaa sebuleni mpaka mlangoni, wewe umelala kwenye kochi na kitenge miguuni. Waliimba, wakaomba kwa Kinyarwanda kila mmoja kwa sauti yake, halafu kikaja kile kimya cha kungoja mtu apewe neno. Siku ile kilikuwa kirefu. Nilikutazama nikaona macho yako yalivyogeuka manjano, na shingo ilivyokonda, na nikaona kila mmoja mle ndani anakutazama hivyo hivyo na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Nikafumba macho, nikainua mkono. Nikasema, "Bwana ananionyesha mama yangu amevaa mushanana mweupe, anaingia kanisani kwa miguu yake mwenyewe, anarudi kwenye darasa lake." Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Mmoja alipiga magoti pale pale kwenye zulia akalia kwa furaha.

Nilipofumba macho, Mama, niliona giza tu kama anavyoliona mtu yeyote. Sikuona mushanana, wala kanisa. Nilikuwa na hofu, basi, na hofu ile niliipa jina la Mungu ili isikilizwe.

Walipoondoka uliniita. Ulisema, "Dorkasi, hebu njoo ukae hapa, nina maneno." Nilijua ni maneno gani. Kwetu mtu akijua siku zake zimefika huwaita watoto wake awaachie umurage, wosia wa mdomo: hiki fanyeni, kile acheni, huyu mtazameni. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitusimulia ya bibi kila mwaka, neno kwa neno. Na mimi nikakukatiza. Nikakwambia, "Mama, wosia ni wa mtu anayekufa. Wewe Mungu ameshasema utapona. Ukianza hayo utakuwa unampinga." Kisha ukasema, "Haya." Ukageukia ukutani. Alhamisi nilishinda kanisani nimefunga, na Ijumaa asubuhi, hata saa tatu haijafika, ukaenda.

Hilo "haya" ndilo neno la mwisho ulilonipa. Nimeishi nalo miezi mitatu.

Nikuambie na yaliyofuata, maana kosa langu lilizaa mwenziwe. Siku ya gukura ikiriyo, tulipokuwa tunafunga matanga, watu walikaa chini ya turubai uani, na mjomba Ezra, kaka yako, akasimama kama ada inavyotaka. Akaniita mimi mkubwa wa nyumba, akaniuliza mbele ya wote, marehemu ametuachia maneno gani. Kikaja kimya kingine, Mama, ndugu wa kile cha Jumatano. Nilikuwa na neno moja tu kutoka kwako, "haya," na nisingeweza kulitoa bila kueleza nililipataje. Basi nikatunga. Nikasema umesema tupendane, tushikamane, tumtumikie Mungu siku zote. Watu wakaitika amina. Mjomba akatoa daftari lake dogo mfukoni, akaandika, akaniomba nirudie ili asikosee.

Tushikamane! Wewe, Mama, ambaye mhubiri akisema hivyo ulikuwa ukininong'oneza, "Huyu leo amekosa la kusema." Wewe ambaye ungeanza na bomba linalovuja, ukaja kwenye sare tatu ambazo wenyewe hawajazichukua, ndipo ukafika kwa Mungu. Jirani mmoja alinishika mikono akasema, "Mama yako aliongea kama mtakatifu." Nilitaka kumwambia kwamba wewe hukuwahi kuongea kama mtakatifu hata siku moja. Nikasema asante. Tangu siku ile watu wamekuwa wakinirudishia maneno yale, kanisani, dukani, kwenye simu, na kila wakiyarudia naona mwanamke mwingine anakaa mahali pako, mpole, laini, anayesema kile ambacho kila marehemu husemeshwa. Wanampenda sana. Mimi simjui.

Uchungu ule ndio ulionifungua macho. Nilijiuliza, kama inaniuma hivi kuona mama yangu amesemeshwa asichokisema, Mungu je? Nilichokufanyia wewe uani ndicho nilichomfanyia yeye sebuleni. Nilimtoa, nikamweka mwingine mahali pake, mungu wa kunikubalia. Na yule niliyemtunga hakuweza kunisaidia Ijumaa asubuhi, kwa sababu hakujua chochote zaidi ya nilichokijua mimi.

Na ni wewe, kati ya watu wote, uliyenifundisha hayo nikiwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Kigali baada ya kutoka Ngara, Tanzania. Ulipewa darasa la kipaimara la watoto tuliokulia nje, nusu Kiswahili nusu Kinyarwanda. Siku ya kwanza uliingia, ukakaa, ukatuuliza, "Niambieni asubuhi hii nimefanya nini." Tukaanza kukisia. Amefagia. Amesali. Kijana mmoja wa hapa hapa mjini akasema, "Mwalimu alikunywa chai, na maziwa iko mingi," tukacheka mpaka ukagonga meza. Ulitikisa kichwa kwa kila jibu. Mwisho ukasema, "Asubuhi hii nimelia. Nilimwota mama yangu nikaamka nikalia." Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa nalala nawe chumba kimoja na sikuwa najua.

Ndipo ukatuambia kwamba tungekaa pale tukikisia mpaka jioni na tusingefika, kwa sababu mtu hujulikana akijifunua mwenyewe. Na Mungu ni zaidi. Ukasema hatukumpata kwa ujanja wetu. Yeye ndiye aliyeanza kusema, na alipoona bado hatujaelewa akaja mwenyewe, akala na watu, wakamgusa. Imani yote imesimama hapo, ukasema, kwamba amesema. Yapo aliyoyasema na yapo aliyoyanyamazia, na Mkristo anayaheshimu yote mawili. Niliyaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Nilifaulu mtihani wako vizuri sana, kama unakumbuka, halafu nikaja kushindwa sebuleni kwako.

Usidhani nawalaumu wale akina mama. Wamenipikia, wamenifulia, wamelala kwenye mikeka yetu wiki nzima. Walipoona umekufa hawakunisuta hata mmoja. Walisema Mungu amekuponya kwa njia yake, na ule mushanana mweupe ni wa mbinguni. Walinihurumia, ndiyo maana walinitafutia mlango wa kutokea, nami nikapita. Sasa wanataka niwe kiongozi wa chumba cha maombi. Wanasema nina karama. Wiki iliyopita mmoja wao, ambaye mume wake anaumwa, alinishika mkono baada ya ibada akaniuliza Mungu ananionyesha nini juu yake. Alikuwa na macho ya mtu ambaye angeamini lolote. Nikamwambia sijui, nikaondoka haraka. Njiani nilimfikiria mume wake kitandani, naye ana maneno yake, na mkewe anarudi nyumbani na unabii wangu kumnyamazisha.

Basi juzi Jumamosi nikaenda Nyakabanda nikiwa na karatasi kwenye mkoba, ile mjomba aliyoninakilia maneno ya daftari lake. Fundi akanikaribisha kiti, akasema, "Mama, jiwe iko tayari kabisa. Maneno tu ndiyo iko inachelewesha." Nikampa ile karatasi. Akaisoma kwa sauti polepole, tupendane, tushikamane, akapima na rula, akaweka alama za penseli, kisha akanigeukia. "Angalia vizuri kwanza. Mimi naandika mara moja. Kufuta haiko." Nilisimama pale na vumbi la mawe kwenye viatu, nikaona maneno yale yatakaa juu yako baada yangu mimi, na watoto wa Esteri watayasoma na kudhani wamekujua. Nikainyakua karatasi kutoka mkononi mwake. Yule mzee alifikiri nimezidiwa na msiba. "Ihangane, mama," akanipa pole, akanimiminia maji.

Nikapanda pikipiki moja kwa moja mpaka Sonatubes, kwa Esteri, kwenye lile duka la rangi anakouza. Ilikuwa saa ya chakula, duka tupu. Nikamwambia yote nimesimama kati ya makopo, la sebuleni na la uani, bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika nitapamba. Mdogo wangu alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea anifokee. Akasema, "Dada, mimi nilijua siku ile ile. Na Mama alijua."

Kumbe Alhamisi, mimi nikiwa kanisani, ulimsemesha. Alikuwa anakuogesha. Anasema alipofika mgongoni ndipo ukasema, na ameyashika hivyo hivyo ulivyoyatamka: "Dorkasi hakuonyeshwa kitu. Ameogopa. Mwambie nilimkasirikia. Halafu mwambie nimeshaacha." Alipokuuliza kama kuna zaidi ukasema maji yamepoa. Siku ya kufunga matanga alikuwa amejiandaa kunivuta pembeni anieleze, lakini nikasimama nikasema yangu, watu wakaitika amina, naye akaona haya kunivunja mbele ya ukoo. Amekaa nayo miezi mitatu akingoja mimi nianze.

Mama, nililia pale dukani mpaka mteja akaingia akatoka. Nilijua papo hapo ni wewe. Mimi nisingeweza kuyatunga maneno hayo. Ningekutungia ningeanza na msamaha, ningeweka na baraka, na hasira nisingeiweka kabisa. Umenikasirikia kweli, na umeacha kweli, na hiyo kweli ya kwanza ndiyo inayonifanya niiamini ya pili. Nadhani hata neno la Mungu nimeanza kulitambua hivyo. Nikilisoma sasa na likanikubalia kila nilichokitaka, nalirudia tena taratibu, nione kama ni yeye au ni mimi. Na likiniambia ambalo nisingejiambia, likanipiga kisha likanishika, namwachia nafasi, nakaa kimya.

Nilimpigia mjomba jioni ile nikamweleza. Kisha akasema, "Basi tuandike jina." Kwa hiyo jiwe lako litakuwa na jina na miaka, na fundi ameshaanza. Darasa la kipaimara nimemwambia mchungaji nitalichukua, kama atanitaka bado baada ya Jumapili. Maana Jumapili, Mama, baada ya ibada, nitasimama mbele ya akina mama wale niwaambie kwamba sikuonyeshwa kitu. Nitamtafuta yule mwenye mume mgonjwa kabla ya wengine wote, nimwambie aende akamsikilize mumewe, na lolote atakalosema asimkatize. Nina hofu. Hofu hii nitaiita kwa jina lake.

Kwaheri, Mama yangu. Kaa na Bwana uliyemwamini kwa kile alichokisema, bila kumwongezea. Yale uliyotaka kuniambia Jumatano jioni sijayapata. Esteri hayajui, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Watu wakiniuliza nitasema sikukuacha useme. Nakuahidi sitayatunga. Yatakaa hivyo, hayajasemwa, mpaka siku utakaponiambia mwenyewe.

Binti yako,
Dorkasi