Kwa Kaka Yona, Uliyeimba Mpaka Sauti Ikakwisha

Kaka yangu Yona,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, ila mdomo wangu haujui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe.

Albamu ya tatu ya bendi yetu, Kokoto, imetoka. Nakuandikia hadharani kwa sababu vijana wengi wananiuliza jambo lile lile: ilikuwaje bendi ya roki iliyoanza na kelele zile ikaishia kwenye ukimya huu? Wanauliza kana kwamba tulikaa kikao tukapanga. Wewe unajua hatukupanga.

Unalikumbuka banda la Baba pale Mkiwa, la kukamulia alizeti? Mashine ikizimwa jioni, sisi tunawasha amplifaya. Wewe gitaa na kuimba, rafiki yako Hamisi wa Itigi besi, mimi drams. Watu walipouliza binti anatafuta nini kwenye drams, ulinijibia wewe: "Neema anapiga kuliko mwanaume yeyote niliyemwona. Basi." Siku moja Baba alisimama mlangoni, mikono imejaa mafuta, akasikiliza wimbo mzima, halafu akasema, "Huu si muziki. Hii ni mashine imeharibika." Hamisi aliona aibu. Wewe ulifurahi. Kesho yake uliirekodi mashine yenyewe ikinguruma, na mngurumo huo ndio unaofungua albamu yetu ya kwanza, Njia Panda.

Nikiisikiliza sasa naona ulivyokuwa na hasira. Kila wimbo kuna mtu anaondoka. Anadandia lori la Tabora, basi la Mwanza, chochote kinachopita, mradi asibaki kukamua alizeti za baba yake. Gitaa linakwaruza mwanzo hadi mwisho. Huimbi, unafoka. Na wakati unafoka hivyo, mimi na wewe tulikuwa hatujafika mbali zaidi ya Singida mjini.

Halafu Baba akafa. Alianguka bandani mashine ikiwa inazunguka, na kwa ule mngurumo hakuna aliyemsikia akiita, kama aliita.

Matanga yalipokwisha ulirudi mazoezini, ukachomoa kile kifaa chako cha kukwaruzisha gitaa, ukakiweka pembeni. Nikaanza kupiga kama nilivyozoea. Ukanigeukia. "Punguza, Neema. Wimbo huu hauna haraka." Hivyo ndivyo ilivyozaliwa albamu ya pili, Mwaka wa Vumbi. Watu walisema ni albamu ya ukame, maana mle kuna mtama uliokauka na ng'ombe waliokonda na upepo usiokoma. Mtangazaji mmoja alikuuliza hivyo hivyo, ukamkubalia. Lakini mimi nilikaa nyuma yako kwenye drams, nikiyatazama mabega yako, na nilijua kila shamba lililokauka mle ndani lilikuwa Baba.

Baadhi ya mashabiki wa mwanzo walituacha. Kwenye onyesho la Manyoni mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, "Tupigieni zile za zamani." Ukasogeza maiki, ukamjibu taratibu, "Mwenye zile ameshaondoka, ndugu yangu." Tukaendelea.

Sauti yako ilipoanza kukwama tulisema ni vumbi. Tukakuchemshia tangawizi. Ulipokwenda hospitali Dodoma ndipo tukajua kwamba ni kansa ya koo. Baada ya mionzi ya Dar es Salaam ulirudi umekonda, na ukiongea ni kama mtu anakunja karatasi. Nilidhani bendi imeishia hapo. Wewe ukaomba tuegemeze magodoro madirishani sebuleni kwa Mama, ili malori ya barabarani yasisikike, tukarekodi humo humo.

Uliimba kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kwa mara ya kwanza. Hamisi, ambaye haelewi hata neno, akauliza kwa nini. Ulimjibu huku ukimeza mate kwa shida: "Naogopa kwa Kinyaturu. Kiswahili nilikitumia kujifanya jasiri." Mimi niliweka fimbo za drams chini, maana zilifunika sauti yako, nikapiga kwa vidole. Nyimbo zile hazina safari wala shamba. Ni chumba, na maji ya kunywa, na mtu anayeita majina ya watu wa nyumbani kwake. Katika wimbo wa mwisho unakohoa katikati. Unanyamaza, tunakusikia ukivuta pumzi, kisha unamalizia.

Ulituacha kabla kazi haijakamilika. Prodyuza kule Dodoma, kijana mstaarabu tu, akatushauri atafutwe mwimbaji arudie sauti zote. Tukakataa. "Basi angalau tukate kikohozi," akasema. Hamisi akaona hilo ni sawa. Mimi nikashindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema hapana, nikaupeleka wimbo kwa Mama.

Mama hakuwahi kusikiliza wimbo wetu hata mmoja mpaka mwisho. Safari hii alikaa kwenye kiti chake, spika ndogo ikiwa mapajani, na nadhani ndiye mtu wa kwanza kusikia kila neno lako kama ulivyolikusudia. Ilipofika kwenye kikohozi akainua mkono. Nikadhani ameshindwa, nikazima.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Kisha akasema kwa lugha yetu kwamba hapo ndipo ulipo. Nikampigia Hamisi simu, nikamwambia kisikatwe.

Imetoka hivyo. Haisikilizwi sana. Kuna walioandika kwamba Kokoto wamechoka, na sijawajibu. Hamisi anataka tutafute mwimbaji, na sijamjibu yeye pia. Drams nimezifunika shuka.

Kila siku baada ya chai ya asubuhi Mama ananiomba nimwekee kile kipande, pale tu. Namwekea, halafu natoka kusimama uani mpaka kiishe. Siwezi kukaa nacho, kaka. Miaka yote ile, mtu akikosea au akikohoa, ulikuwa unasema, "Tuanze upya." Kile kikohozi kikipita, mikono yangu bado inajiweka tayari kukusubiri useme.

Lala salama, kaka yangu.

Mimi mdogo wako,
Neema