Maziwa Aliyokunywa Weldon

Kimulot, 29 Aprili 2024

Bethwel, mtoto wa mtoto wangu,

Chamgei. Uko mzima huko Soin na hilo joto lenu? Mimi ni mzima, magoti tu. Ng'ombe wa Aron ni mzima, anasumbua.

Umezima simu tangu tumzike ndugu yako Aron, kwa hivyo nimeshika kalamu. Usicheke mwandiko. Mchungaji mzima anayetoroka matanga ya ndugu yake bila kuaga hana ruhusa ya kucheka mtu.

Ulitaka kujua vile ilikuwa. Walikuja mchana, vijana wa hapa hapa, kuchoma ile mashine ya kuchuma chai kwa sababu imefukuza mama zao kazini. Aron alikuwa juu. Dereva tu, mashine si yake. Wakamwambia shuka, akashuka. Hata hivyo wakamkata bega, wakammwagia petroli. Akakimbia akiwaka. Unajua vile chai yetu imeshikana, mtu hapiti. Alifia katikati, mikono juu ya majani kama mtu anayechuma.

Mzee wa kanisa alikuja kunisomea Ayubu. Ati alirudishiwa watoto. Nikamuuliza, hao wengine nani aliwazaa? Mke wa Ayubu alizika kumi, akabeba mimba kumi tena, na hakuna mtu aliuliza mgongo wake unaendeleaje. Mzee akamaliza chai, akaenda.

Wewe umesomea hayo mambo. Aron alimkosea Mungu wapi? Nijibu. Na ule, nyanya yako nimesema.

Gogo yako


Soin, 9 Mei 2024

Gogo mpendwa,

Chamgei. Natumai magoti yamepoa. Mimi nakula kidogo.

Jumapili nilisimama kuhubiri kwamba Bwana huwalinda walio wake. Ulimi ukakataa. Nikashuka, nikaketi na watu.

Halafu kuna mtu amenionyesha video kwa simu. Gogo, aliyemkata Aron ni Weldon. Weldon, mtoto wa Sally jirani yako, anayeimba besi kwa kwaya. Yule aliyefika wa kwanza kuchimba kaburi, ukamsifu mbele ya watu wote. Alikuwa anamchimbia mtu aliyemuua mwenyewe.

Mungu alikuwa na nafasi yake, hakuitumia. Nimenoa panga. Jumamosi ya tarehe kumi na nane nakuja. Usimwambie Sally.

Mjukuu wako,
Bethwel


Kimulot, 13 Mei 2024

Bethwel,

Salamu nitakupa akili ikirudi.

Nilisoma barua yako mpaka mwisho. Halafu nikatoka nje, nikavua kitambaa cha kichwa, nikageukia nyumba ya Sally ili nimlaani Weldon vile nyanya zetu walilaani, mpaka ukoo wake uishe. Mdomo ukafunguka, nikakumbuka. Siku ya kaburi nilimpa mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kwa kibuyu cha Aron, kwa mkono wangu, kwa sababu alichimba vizuri. Akanywa akiangalia chini. Nilidhani ni huzuni.

Desturi unaijua. Mtu akishakunywa maziwa ya nyumba hii, nyumba hii haimgusi, kwa panga wala kwa mdomo. Sikujua ni yeye. Lakini maziwa hayaulizi kama ulijua.

Mungu alikuwa anaona nikimimina. Angepindua hicho kibuyu, kwake ni kazi gani? Nimemnunia. Kanisani naenda, nakaa, siimbi. Wewe pia mnunie, atavumilia. Lakini panga uache huko.

Sally nimemwambia. Jumamosi nitakaa na kiti changu kwa lango lake. Ukimtaka Weldon utapitia kwangu, na mimi si mwembamba.

Gogo


Hospitali, Kapkatet, 2 Juni 2024

Bethwel, mtoto wangu,

Chamgei. Uko wapi? Unakula? Barua hii nimempa Janeffer anayeuza parachichi, anasema watu wa kanisa lako wanajua umejificha wapi.

Mwandiko umeharibika zaidi kwa sababu ni wa mkono wa kushoto. Vidole vya kulia vilibaki kwa nyasi ya Sally. Najua pigo la panga ulimrushia Weldon. Mimi ndiye niliinuka kwa kiti, nikaingia katikati. Ulipoona ni mimi ukatupa panga, ukakimbia. Weldon ndiye alinibeba mgongoni mpaka barabarani, damu yangu ikimwingia shingoni. Akanifikisha hapa, halafu akaenda polisi mwenyewe akasema ya Aron. Hakutumwa na mtu.

Polisi walikuja kitandani. Nikawaambia nilijikata nikikatia ng'ombe majani. Mmoja akasema, "Kwani gogo unashika panga na mkono wa kushoto?" Nikamwambia, "Kijana, wewe hata ng'ombe huna." Huo uongo nitaongea na Mungu. Tuna mengi ya kuongea.

Sally ananilisha uji. Anapuliza kijiko, nameza.

Watu wa kanisa wanakuja kuniambia yangu na ya Aron yote ni mpango. Wasichanganye. Hivi vidole najua vilienda kwa nini, nilisimama mwenyewe. Ya Aron hayana kwa nini. Kila asubuhi namuuliza Mungu na hajajibu. Lakini bado nauliza. Singegombana na kiti kitupu.

Nikitoka hapa siwezi kukamua, na ng'ombe wa Aron anataka mikono miwili. Rudi nyumbani ukamue. Usilete mahubiri, wala usipige magoti langoni watu wakuangalie. Nitaosha kile kibuyu na mkono uliobaki, nikupe maziwa unywe.

Safari hii nitakuwa najua ninampa nani.

Gogo yako