Jina Nililoliandikisha Kwenye Bima

Misugusugu, Kibaha
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu hizi zisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Nimeambiwa kwamba kwenye kisomo cha watu wazima umeshafika pahali pa maneno marefu, nikacheka peke yangu kwa furaha mpaka baba Zena akauliza kuna nini. Kwa hiyo naandika herufi kubwa na wino nimeukoleza. Goti linaendeleaje? Baba bado anakohoa asubuhi? Mvua imewafikia huko Kurui, au mnaangalia mawingu tu? Sisi watatu tu wazima. Mjukuu wako Zena ameota meno mengine mawili, na amejua kusema "nta" kabla ya kujua kusema "bibi". Naomba umsamehe.

Mwili ni mzima, mama, ila moyo wangu haujarudi mahali pake. Tangu Ijumaa mlango ukigongwa nashtuka, kuku akiruka nashtuka. Ngoja nikueleze tangu mwanzo usije ukalipata jambo nusunusu.

Kazi yangu ya magari unaijua. Ulipokuja kwenye arobaini ya Zena ulinikuta na ndoo mbili na matambara ya kanga zako kuukuu, naosha malori pale uani kwenye kituo cha mafuta. Sasa imekua. Mzee Pazi, yule anayeuza mafuta kituoni, amenifundisha kupaka nta na kuisugua mpaka kwenye ubavu wa gari unauona uso wako. Viti navitoa nje navianika, zulia nalipiga fimbo, na vyuma vya mbele navisugua kwa ukwaju na majivu kama ulivyonifunza kusugua sinia. Madereva wanaotoka Morogoro wanasimama hapa kwanza, hawataki kuingia Dar na vumbi. Wanasema, "Twende kwa mama Zena akatuogeshe." Baba Zena yeye bado yuko kiwanda cha korosho, anaingia asubuhi, anatoka saa kumi.

Basi mwezi uliopita mkuu wa karakana ya serikali akaja mwenyewe. Anataka magari yao yote yaletwe kwangu kila wiki, Landrova na Pijo. Nusura nipige kigelegele. Akasema, "Polepole, mama. Gari la serikali siliachi mahali pasipo na bima. Likiharibika mikononi mwako mimi nitamwambia nini mkubwa wangu?" Mwenye kituo aliposikia naye akashikilia hapohapo: nikate bima, au nitoke uani kwake.

Bima, mama, ni kama kile chama chenu cha mazishi. Kila mtu anatoa kidogo, na aliyepatwa na jambo ndiye anayesaidiwa. Tofauti ni kwamba huku unachangia na watu usiowajua, na kwanza lazima ujieleze kwenye karatasi.

Bwana wa bima akaja na pikipiki, kijana mpole wa miwani. Akaupima uwanja kwa hatua, akatazama ndoo, akanusa kopo la nta. Kisha akauliza, "Mwenye kazi hii ni nani?"

Nikamjibu, "Ni mume wangu, Rajabu Omari."

Wallahi mama, sikudhani nasema uongo. Ndivyo tulivyolelewa. Shamba la mihogo unalilima wewe, mtu akiuliza unasema la baba Mwanahawa. Kuku unawafuga wewe, ni wa baba Mwanahawa. Mwanamke mwenye mume hasimami mbele ya mgeni akasema hiki changu. Akauliza tena, "Anaosha kwa mikono yake mwenyewe?" Nikaona nikisema hapana nitakuwa nimemvunjia heshima. Nikasema, "Ndiyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nipo nyumbani na mtoto."

Nasema hivyo, na povu limenifika kwenye kiwiko! Akanitazama kidogo, akaandika. Jioni baba Zena akatia sahihi bila kuuliza, alidhani ndivyo inavyotakiwa. Karatasi ikarudi na mhuri wake. Tukaitia kwenye mfuko wa nailoni, tukaona tumefika.

Sasa Ijumaa. Dereva wa afisa kilimo akaniletea Pijo nyeupe asubuhi, akaniachia akaenda kunywa chai. Nikaiosha, nikaikausha, nikaanza nta. Jua likawa kali, na nta haipendi jua, inakauka na kuacha madoa. Nikamwita mzee Pazi tukaisukuma hadi kivulini, chini ya mnazi ulio pembeni mwa uwanja. Najua utasema nini. Na mimi nilitazama juu, mama. Mkwezi alikuwa ameshaangua wiki iliyopita, sikuona kitu isipokuwa makuti. Nikatandika kanga karibu na gurudumu la mbele, nikamlaza Zena, nikaendelea kusugua.

Zena akalia. Nikamchukua, nikaenda kukaa kwenye gogo nimpe ziwa. Sijakaa sawasawa, nikasikia kishindo ambacho mpaka leo kinalia kichwani mwangu. Nazi moja kavu, ile iliyojificha, imeshuka juu ya kioo cha mbele. Kioo chote kimekuwa chembe chembe, kimemwagika ndani ya gari na nje ya gari, na kanga ya mwanangu imejaa vioo kama mtu amemwaga chumvi.

Nilikaa tu, nahesabu vidole vya Zena. Kumi. Naanza tena, kumi. Maziwa yalikatika palepale. Yalirudi Jumapili, usihofu.

Mzee Pazi akaniambia, "Mshukuru Mungu, mama Zena. Kioo ni kioo. Tena nyinyi si mna bima?"

Hapo ndipo nilipopumua. Nikasema kweli, tuna bima, karatasi ipo kwenye nailoni. Kumbe sijui kitu.

Jumatatu bwana wa bima akaja saa kumi na moja, baba Zena ameshatoka kazini. Alikuwapo dereva wa Pijo, mzee Pazi, na Bi Zuhura anayekaanga mihogo mlangoni mwa kituo. Bwana wa bima akakunjua ile karatasi, akauliza, "Ijumaa saa nne asubuhi, nani alikuwa analisugua gari hili?"

Mzee Pazi alikuwa ameshaninong'oneza: "Sema Rajabu. Sisi sote tutasema Rajabu." Na Bi Zuhura, hata hajaulizwa, akadakia, "Mimi nilimwona Rajabu kwa macho yangu haya mawili!"

Baba Zena akasimama mbele. "Ni mimi, ndugu."

Mama, wewe unamjua mkweo. Mtu ambaye akirudishiwa chenji imezidi anarudi dukani kwa miguu.

Bwana wa bima akasema, "Vizuri. Nta unaipaka gari likiwa limelowa au likiwa kavu?"

Baba Zena akafikiri. "Limelowa. Kidogo."

Dereva akaangua kicheko. "Limelowa kidogo! Ndugu yangu, unasugua gari au unakanda chapati?"

"Hebu nione mikono yako," akasema bwana wa bima.

Unajua maganda ya korosho yanavyofanya mikono. Miwili yote myeusi, imebabuka, imechanika kwenye viungo. Bwana wa bima akaitazama, akaitazama ile Pijo, akasema taratibu, "Mikono hii ingeligusa gari hili jeupe, saa hizi lingekuwa chui." Akatoa karatasi nyingine. "Ndugu Rajabu, haya ni maelezo yako. Ukitia sahihi na ikajulikana si kweli, hatutazungumza habari ya kioo tena. Tutazungumza mahakamani."

Na baba Zena akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Angetia, mama! Angetia sahihi aende kufungwa kwa ajili ya adabu yangu. Sijui nilifikaje pale. Nikamshika mkono nikasema, "Usitie. Ni mimi. Siku zote ni mimi. Yeye hajawahi kuosha hata baiskeli."

Bi Zuhura akasema, "Haya, na mimi nilikuwa natazama mihogo yangu."

Bwana wa bima hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinieleza kama mwalimu. Bima ile ilikatiwa mtu anayefanya kazi, na mtu aliyeandikwa siye anayefanya kazi, basi ni sawa na kwamba haikukatwa. Kioo hawatalipa. Hata mvua ya nazi ingeshuka pale, wasingelipa hata kioo kimoja. Mimi niliyeogopa kumvunjia mume wangu heshima, nilikuwa nimemfikisha mlangoni mwa jela, na nimeivunja bima siku ileile ya kuikata.

Mkuu wa karakana aliletewa habari jana, akaja. Nilijua amekuja kunifukuza. Akasema kioo watakitoa kwenye Pijo nyingine iliyopinduka, ipo inaoza kwao, na mimi nitakilipa kwa jasho langu, nioshe magari yao mpaka mwezi wa mfungo bila malipo. Nikakubali kabla hajamaliza. Kisha akaniambia, "Magari bado nitakuletea, kwa sababu ulisema mwenyewe. Lakini bima mpya, ya kweli, niione kabla mwezi haujaisha. Nisipoiona, mwenye kituo anafunga uwanja, na mimi simzuii."

Leo asubuhi bwana wa bima amerudi na karatasi mpya. "Mwenye kazi?" Nikainama. Bado ulimi ulikuwa mzito, mama, sikufichi. Baba Zena, aliyeomba ruhusa kiwandani kwa ajili hiyo, akasema, "Andika Mwanahawa binti Saidi."

Baadaye nikamuuliza kama ameumia. Akasema, "Kiwandani waliniita bwana magari. Nilishazoea."

"Sasa watakuitaje?"

"Mume wa mwenye magari. Ni refu, watachoka wenyewe."

Basi tukafika swali la pili. Ulizaliwa lini? Kalamu ikasimama. Anayeweka sahihi peke yake lazima awe ametimiza miaka kumi na minane, na mimi nimegundua mbele za watu, nimebeba mtoto, kwamba sijui umri wangu. Shuleni waliandika tu walivyokisia. Wewe uliniambia siku moja kwamba bendera ya uhuru ilipopandishwa Maneromango nilikuwa mgongoni kwako, ngoma zikanitisha nikakukojolea. Na mara nyingine nilikusikia unamwambia shangazi kwamba ulisimama tangu asubuhi kuitazama bendera hiyo, na tumbo la Mwanahawa limekulemea. Nimehesabu kwa vidole. Kama ni mgongoni, umri umetimia na kupita. Kama ni tumboni, bado.

Hapa kila mtu ananiambia, "Sema mgongoni, nani atajua?" Mzee Pazi anasema hivyo, Bi Zuhura yuko tayari kuapa kwamba alikuwapo. Nimekataa. Bwana wa bima anataka barua ya balozi wenu wa nyumba kumi, iandikwe vile utakavyoeleza wewe mzazi. Ukiipata mpe dereva wa lori la ushirika linaloleta korosho kiwandani, baba Zena ataipokea getini.

Kwa hiyo mama, kaa chini, kumbuka polepole. Siku ile nilikuwa mgongoni au tumboni? Usinionee huruma. Usiniongezee hata siku moja. Kama nilikuwa tumboni, mwambie balozi aandike tumboni, na mimi nitazifunika ndoo zangu nisubiri nikue.

Nisalimie baba, mwambie anywe asali na ndimu. Shikamoo yangu imfikie bibi, na shangazi wa kule kisimani, labda naye anakumbuka siku hiyo. Mwalimu wako wa kisomo mwambie namshukuru kwa kunirudishia mama wa kuandikiana naye. Zena anakupungia mkono, nimemshika mwenyewe nikaupunga.

Ni mimi mwanao, ambaye wewe peke yako unajua ni wa lini,

Mwanahawa