Pampu Isiyovuta

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye ujenzi? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi nimeudhika.

Mtambo wa pombe wa Shangazi nimeumaliza. Fremu nimeichomelea, jungu liko jikoni, koili ya shaba imezama kwenye pipa la maji baridi ili kimea kipite humo kipoe haraka. Pampu nimeifunga juu kabisa ya fremu, kama ulivyonifundisha: umeme juu, maji chini. Kimea kikachemka vizuri. Nikawasha. Pampu ikanguruma tu, haikuvuta hata tone. Kimea kikapoa polepole ndani ya jungu, kikachacha, tukamwaga chote.

Shangazi amenipa hadi Jumamosi ya katikati ya mwezi. Nikishindwa tena, naenda saluni kwa binamu kusuka nywele. Mimi, na mikono hii! Nifanyeje?

Binti yako

7 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Mgongo upo, bado haujanikimbia. Msalimie dada yangu, mwambie apunguze ukali.

Hiyo pampu imeungua. Usiifungue, usiishushe. Ikikaa chini itarukiwa na maji, mtapigwa shoti wote. Subiri nije mwisho wa mwezi. Haraka haraka haina baraka.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini umepata nafuu.

Nilimwomba Shangazi asubiri. Akasema, "Wateja wangu hawanywi subira." Akaleta fundi. Fundi akagonga pampu kwa bisibisi, akasema imekufa, nunueni nyingine. Kisha akauliza nani kajenga mtambo. Nikafungua mdomo nijibu. Shangazi akaniwahi, "Baba yake." Iliniuma, Baba.

Alipoondoka niliijaza pampu maji kwa kikombe, nikawasha. Ikayarusha hadi ukutani. Haijafa! Inashindwa kunyonya kwenda juu ikiwa na hewa tumboni. Inataka ikae chini ya jungu, kimea kiifuate chenyewe. Nitaijengea kibanda cha bati isirukiwe na maji. Naomba ruhusa niishushe. Tafadhali jibu kabla ya Jumamosi.

Binti yako

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo?

Jibu lako halikuja. Nililisubiri mlangoni hadi Shangazi akaniuliza kama nimeajiriwa ulinzi. Jumamosi asubuhi nikaishusha bila ruhusa, nikaifunika kwa kibanda cha bati.

Nilifungua koki ya jungu kwanza, pampu ikajaa, ndipo nikawasha. Ikavuta! Kimea kiliingia kwenye koili kikifuka mvuke, kikatoka upande wa pili nikaweza kuushika mpira wa kutolea bila kuungua. Shangazi akawaita majirani: "Njooni muone kazi ya kaka yangu!"

Nikasema, "Ni yangu."

Hakuna aliyesikia. Pampu ilikuwa inanguruma, na wewe unajua sauti yangu ilivyo ndogo. Nikaizima. Wote wakageuka.

"Ni yangu. Baba alikataa."

Shangazi akanitazama, akalitazama jungu. "Sasa unaizimia nini? Iwashe, fundi, kabla hakijachacha!"

Binamu ametafuta msusi mwingine. Nimekukasirikia bado, Baba, kidogo. Lakini njoo.

Binti yako