Unga ya samaki mu chupa yangu

Siku ya yenga, 2 juin 2024

Samaki! Tangu Pasaka niko nakula samaki, na miye sijue.

Abigaïl, dada ya bwana yangu Gauthier, njo alisema mbele ya bantu bote, bukari, ile ugali yetu, ingali mu mikono. Eti Constance, njo miye, anajivuna hakulake kintu ya damu — kumbe yeye Abigaïl alisha kumwaga unga yangu ya kombu, ile majani ya bahari ya supu ya miso, akatia unga ya bonite mu ileile chupa. Bonite iko samaki. Bakacheka. Gauthier naye, mpaka machozi.

Hakuna hata mumoja aliuliza juu ya nini niliacha nyama. Mama yangu alikuwa anakufa, kule Kipushi. Nikaapa: Mungu, umuamushe, sitakula tena nyama ao samaki. Akaamuka! Na sasa, tangu Pasaka, miguu yake inavimba tena.

Abigaïl ataona.

Siku ya kwanza, 3 juin

Nilitupa byote. Chupa, sachet, hata kijiko. Nikaenda mu ville, ku magasin kwenye rafiki yangu Sofia anauzishaka. Tukasoma étiquettes, ile karatasi ya ku chupa. Miso ya kwanza: extrait de bonite — hapana! Ingine: soya, muchele, chumvi, basi. Nikakamata. Shoyu, ile muchuzi mweusi ya soya, muzuri. Sauce ya nouilles, ya kutia ku tambi — samaki tena. Siki ya muchele, sawa. Shiitake, ile buyoga ya kukausha: unaloweka mu maji tu, supu inapata utamu bila muzoga.

Kisha nikashika mirin, ile maji tamu ya muchele ya kupikia. Sofia akaivuta mu mukono yangu. Eti siye baislamu hatuitumiake, iko na pombe sawa divai, inadanganya tu na sukari.

Pombe.

Abigaïl iko présidente ya bamama ku kanisa yake. Kila yenga anasimama, anashuhudia: tangu ubatizo hata tone moja haiyapita mu kinywa! Nikamwambia Sofia anipe mbili. Akaniangalia vibaya. Nikalipa.

Siku ya ine, 6 juin

Nilijaribu. Aubergine, ile biringanya, ku moto, miso, shoyu, mirin. Ikichemuka sana pombe inatoka — basi nitaitia mwisho, kisha kuzima moto. Mingi. Nikaonja kiloko. Tamu! Hakuna mwenye atajua.

Mama akapiga telefone. Niko nakula muzuri? Nikasema ndiyo. Nikauliza miguu. Akageuza masolo, akaanza kusema juu ya bintu bingine.

Siku ya posho, 8 juin

Nilialika Abigaïl na bamama yake, kesho kisha kanisa. Gauthier anafurahi, eti sasa umesamehe, uko mwanamuke ya kweli. Ndiyo, bwana yangu. Bakishiba, nitaweka chupa pa meza, nitasoma étiquette na sauti ya nguvu. Nataka kuona ile uso yake! Nilijifunza mbele ya kioo. Alcool. Tena: alcool!

Siku ya yenga, 9 juin

Niko mu cuisine. Bako pa meza, banaimba.

Mirin nilisha kutia, chupa muzima. Mara Abigaïl akaingia, peke yake. Nikasukuma chupa chini ya évier, pa kuoshea sahani. Akanishika mukono.

— Belle-sœur, wifi yangu, ile siku nilitaka tu bacheke. Unisamehe.

Akaanza kulia. Na akaniambia kintu yenye Gauthier alinificha miaka yote: bantu banafikiri yeye Abigaïl aliacha pombe juu ya kanisa. Hapana. Ni lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, njo ilimukamata, wakati alikuwa anafanya biashara kule Mokambo, ku mupaka. Akalala inje. Akapoteza ndoa, akapoteza batoto.

— Leo nikiramba hata kijiko, akasema, kesho utaniokota mu mutaro.

Nikamwambia nimekusamehe, nenda ukaikale, naleta chakula.

Uongo! Machozi yake haiponyeshe miguu ya mama yangu. Sahani iko hapa, inanukia muzuri sana. Ningeweza kumwaga. Ningeweza kupika majani ya lengalenga mbio mbio. Sijagusa kintu. Nilifunga mulango na funguo, naandika.

Gauthier anagonga. Eti bamama bako na njaa! Nasikia Abigaïl anamwambia amuache Constance, alichoka. Kisha kwa sauti ya chini, karibu kabisa na mulango, eti belle-sœur, nikusaidie kubeba?

Funguo iko mu mukono. Na bado nataka akule.