Papa, Nimeitoa Sauti ya Gari

Papa,

Tangu asubuhi nimeanza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeinuka kwenda kuangalia gari. Hakuna cha kuangalia. Limesimama kando ya jiko, matope ya barabara ya Juru mpaka kwenye milango. Nalizunguka, napiga tairi kwa kiatu kama ulivyokuwa ukifanya, narudi kukaa. Mama yuko kanisani. Nataka nimalize kabla hajarudi.

Nimeitoa ile sauti.

Unaijua. Ta-ta-ta-ta, kila gari likikata kona. Ulipokuwa hai ilikuwa ndogo, na ukiulizwa ulisema, "Itafika tu." Baada ya kukuzika, wazee walisema gari lisiguswe mpaka kilio kiishe. Likakaa nje kwenye jua na mvua, usukani umekatwa kulia vilevile ulivyouacha siku ile uliyorudi ukishika kifua. Hata kunyoosha magurudumu hakuna aliyethubutu. Siku ya kumaliza kilio nguo zako ziligawanywa, koti akachukua baba mdogo. Alipotaka na gari, Mama alimwangalia kutoka kichwa mpaka miguu. "Noela anajua kuendesha," akasema. "Ataendesha yeye."

Basi naendesha. Kila wiki nampeleka Mama Mbarara kusafishwa kidonda cha mguu, kile kilichoanza na sukari. Anakaa mbele, upande wa kushoto, na sauti inatoka chini ya miguu yake. Ilikuwa imekua, Papa. Watu wa Rubondo walikuwa wakigeuka kututazama. Kwenye kile kilima kabla ya Kaberebere nilikuwa nashika usukani mpaka vidole vinauma, nikiwaza: kitu kikikatika hapa, gari likarudi nyuma, Mama na mguu wake atarukaje?

Nikamwambia tulipeleke kwa fundi. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata uso.

"Ile makelele njo ilikuwa inanijulisha asema baba yako amefika," akasema. "Batu bote baliisikia tu, mimi nilikuwa ninasimama, ninaweka maji kwa moto. Mukiitoa, nitabaki na nini?"

Niliondoka nikaenda kuchota maji tusiyoyahitaji.

Lakini kutafuta si kutoa, nikajiambia. Nilifungua kifuniko cha gurudumu nikakuta kijiwe ndani, nikafurahi kama mjinga. Nikakitupa. Nikakata kona, ta-ta-ta-ta. Mchungaji akasema ni breki. Jirani akasema ni chuma cha chini kimelegea, akakitikisa, hakikutikisika. Nilikuwa silali vizuri. Hata nikiwa shambani niliisikia, mahali ambapo hakuna gari.

Ndipo nikakumbuka ile Jumamosi uliyonipeleka uwanja wa mpira, kunifundisha usukani. Ulinizungusha mpaka nikasikia kichefuchefu. "Sikiliza na sikio, usisikilize na roho," ulisema. "Roho itakudanganya mingi." Nikarudi palepale peke yangu. Nilifungua vioo vyote, nikaenda polepole karibu na ukuta wa matofali wa kanisa linalopakana na uwanja, kwa sababu ukuta unarudisha sauti. Nikanyoosha, kimya. Nikakata kushoto mpaka mwisho, kimya. Nikakata kulia, ikaanza, na nilipoongeza mwendo nayo ikaongeza mwendo. Ukikata kulia uzito unalalia kushoto. Kwa hiyo ni gurudumu la kushoto. Ni kardani, kile chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, pale kinapojikunja mwishoni. Nilijisikia fahari, Papa. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ni wewe.

Niliinua gari kwa jeki, nikaingia chini. Ule mpira wenye mikunjo, unaofunika kiungo ili girisi isitoke na mchanga usiingie, ulikuwa umepasuka zamani. Na juu yake wewe ulikuwa umeufunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko minne, fundo kwa nje. Fundo lako. Lile la kufungia mbuzi, la kufungia godoro, la kufungia kila kitu. Nililala pale chini na kidole changu juu yake. Sikulifungua. Nikashusha jeki.

Wiki hiyo nilimfikisha Mama kwa waganga wa hospitali, Mbarara. Kwenye benchi kulikuwa na watu wengi mbele yake. Nikamwambia naenda kutafuta chumvi. Nilimdanganya, Papa. Nikaenda kwa fundi aliye nyuma ya soko, mzee mmoja Mnyankore anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Yeye hakuangalia fundo. Alilikata kwa kisu mara moja, kabla sijasema neno.

Akatia kidole ndani. Akanusa. Akaniangalia, akanusa tena.

"Nyabo," akasema, ndivyo wanavyomwita mwanamke huku, "hii si girisi. Nani alikuwa anapika eshabwe ndani ya gari?"

Mafundi wote wakaja kunusa. Eshabwe ni ule mchuzi mweupe wa samli ambao watu wa huku huwapa wageni harusini, na wao walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Sasa tulete viazi!" "Huyu dereva alikuwa bwana harusi!" Ilikuwa samli kweli, imeoza, imechanganyika na mchanga mpaka imekuwa kama uji wa mtama.

Mimi sikucheka. Nilikuwa narudi nyuma kwa mawazo, nyumbani, mwaka ule nikiwa darasa la mwisho, samli ya Mama ilipopungua nusu ya kibuyu kwa siku moja. Akaniangalia mimi. Nilisemwa wiki nzima: mtoto wa kike mwenye tamaa, ataolewa na nani? Wewe ulikuwa unakula, macho ndani ya sahani. Siku ya pili ulirudi kutoka Kaberebere na mkate mzima, ukaniwekea mapajani. "Kula. Usiulize."

Papa! Kumbe ulikosa hata kopo moja la girisi, ukachukua mafuta ya ng'ombe, ukalisha kardani, ukaniacha nisemwe. Mtoto wa wafugaji wewe. Uliona samli inatosha ngozi, inatosha nywele, ukasema itatosha na chuma.

"Mwambie mwenye gari aje nimfundishe," fundi akasema.

"Ni baba yangu. Amekufa."

Akavua kofia. "Bambi. Pole sana, nyabo." Halafu akanionyesha gololi za ndani, jinsi zilivyolegea na kuchimba chuma. "Ona. Hii itaachana kwa kilima. Nafunga tena, au naweka ingine?"

Nilimwona Mama akilini, akichambua maharage, nikauona na mguu wake. Nikasema, "Weka ingine."

Akaweka kiungo kingine, girisi nyeusi ya kweli, mpira mpya na vibano vyake viwili. Nilikata kulia barabarani mpaka mwisho. Kimya. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi.

Nikarudi hospitalini kumchukua Mama; alipanda, hakuuliza chumvi. Kona ya kwanza akatega sikio. Ya pili akainamisha kichwa. Tulikuwa tumepita Kaberebere alipofungua mdomo.

"Umeitoa."

"Ndiyo, Mama. Ingetuua."

Nilishindwa kuvumilia, nikamwambia habari ya samli. Yote, kofia ya fundi na viazi. Halafu akapiga makofi mara moja. "Ule mwanaume! Mafuta yangu! Yangu ya kibuyu!" Akacheka, Papa, akacheka na kulia pamoja, akanipiga pajani. "Na wewe nilikusema bure, mutoto wangu. Wiki muzima!" Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka. Nililazimika kusimamisha gari kando.

Sitaki kukuambia kwamba mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Tulipofika nyumbani nilikata kulia, nikaingia uani, nikazima. Mama hakushuka. Alibaki na mkoba mapajani, anaangalia mbele.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, Mama."

Bado akakaa kidogo.

Ndiyo sababu siwezi kutulia leo, na ndiyo sababu nakuandikia. Nisamehe fundo lako. Siombi msamaha kwa ile sauti. Ningeitoa tena.

Nakuahidi jambo moja. Kila nikiingia uani, kabla sijazima gari, nitaita kwa nguvu mpaka majirani wachoke: "Mama, nimefika!" Asikae ndani akitega sikio kusikia kitu ambacho mimi ndiye niliyekiondoa.

Sasa nasikia wimbo wa mwisho kanisani. Atakuja polepole, na mguu ule. Naenda kumchukua na gari.

Kaa vizuri huko uliko, Papa.

Noela