Mgeni wa Ufini Hajasaini Kutoka

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kazi mpya! Nalinda kiwanja cha Bwana Odero, Luzira. Kiwanja gani — kinamasi kitupu, mafunjo na mbu. Bosi atakifukia kwa udongo, ajenge maghala. Amri zake mbili: kila anayeingia aandikwe kitabuni, na lori lisiingie kabla wageni wote hawajasaini kutoka. Anaongea kama marehemu baba, sajenti. Nimempenda.

Jumatano, 5 Novemba

Amekuja Nasike, mwalimu kutoka Kyebando, kuhesabu ndege. Nikamwandika. Baadaye akanionyesha kijindege alichonasa kwa wavu, cha kahawia, chepesi kama soksi ya mtoto. Mguuni kina pete yenye namba! Eti kimetoka Ufini, kinakimbia baridi, kitarudi Aprili. Kinamasi kikifukiwa, mwakani kitakuta ukuta. Akakiachia.

Baba alisema mwenye namba huandikwa. Nimekiandika.

Ijumaa, 7 Novemba

Bosi amekagua kitabu. Ametia sahihi kila ukurasa, macho kwenye simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa Ufini jembe gani atabeba? Anaimba tangu alfajiri, vibaya, kama cherehani mbovu. Nimemzoea.

Bosi kapiga simu: tipa tatu za udongo, Jumatatu asubuhi. Nasike anafuatilia barua ya serikali ya kuzuia kinamasi kisifukiwe. Ataileta Jumatatu mchana. Mchana! Na mimi kazi hii naihitaji — nilikaa miezi minane bila.

Jumatatu, 10 Novemba

Saa tatu. Naandika nikiwa kibandani. Tipa tatu getini, bosi mwenyewe mbele, honi juu ya honi. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Naogopa, sitajidanganya.

Nimemwambia, "Bosi, iko mgeni ndani. Hajasaini kutoka."

"Mwambie atoke basi, afande."

"Atatoka mwezi ya nne."

Ameomba kitabu. Nimempa kwa mikono miwili. Anasoma kwa kidole. Jina: hakusema. Atokako: Ufini. Shughuli: kula wadudu. Saa ya kutoka: wazi.

Kidole kimefika chini, kwenye sahihi yake mwenyewe. Kimekaa hapo.

Madereva wamechoka kungoja, wamezima injini. Ndipo mafunjoni cherehani ikaanza.

Bosi amegeuza kichwa. Ameniuliza, kwa sauti ya chini, kama ndiye huyo.